Mtaa Mzima Unataka Watoto wa Jícama

Mtaa wetu wa Puebla una huruma ya ajabu: mbwa jike yeyote akifikisha miaka miwili bila kuzaa, watu hukosa usingizi kwa niaba yake. Jícama wa mama yangu alipofika umri huo, jirani yetu Don Abundio, aliyemsimamia kaka yangu ubatizo na kwa hiyo humwita mama komadre, alikuja na ushauri na dume lake kwa pamoja, asije akasumbuka kurudi.

"Komadre, jike lazima azae walau mara moja," alisema, akijitwalia mkate mtamu wa tatu. "La sivyo anaugua. Kila mtu anajua."

"Daktari wa mifugo hajaniambia hivyo. Kasema goti lake limelegea, na wanawe wanaweza kulirithi."

"Kwani huyo daktari kazaa mara ngapi?"

Hoja nzito hiyo. Mama, ambaye tangu baba afariki hana wa kusemezana naye ila yule mbwa, aliogopa kumdhuru kwa kumzalisha, na aliogopa kumdhuru kwa kumnyima. Nilimwona ameanza kulegea, nikaudhika.

"Haya, watoto watakwenda wapi?" aliuliza.

"Mmoja kwangu. Waliobaki mtaa utawagombania."

"Si unaye tayari dada yake Jícama? Tuliwachukua siku moja, kwa mtu mmoja."

"Yupo. Analinda."

Analinda juu ya paa, kama nusu ya mbwa wa mtaa huu, kati ya tangi la maji na kamba za nguo.

"Anaitwa nani?"

Don Abundio alitafuna polepole. Mkate ulikuwa laini. Sijui alikuwa anatafuta nini ndani yake.

"Jina walimpa watoto," alisema hatimaye.

Mama akainuka, akavuka barabara, akapanda ngazi za watu bila kubisha hodi. Alirudi amembeba yule mbwa kifuani, maana mnyama huyo hakujua kushuka ngazi. Alipandishwa angali mchanga, basi. Alipowekwa sakafuni alitetemeka, kisha akachechemea hadi chini ya meza. Goti lilelile.

"Jícama hazai," mama alisema. "Na huyu harudi kwako."

"Sasa paa langu atalinda nani, komadre?"

"Panda wewe. Maji nitakuletea, nikikumbuka."