Maji ya Njano

Kwa miezi mitatu mtengeneza krimu mmoja alikuwa akijipaka krimu yake mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka mto wake ukanuka alovera. Wateja wake walijipaka ili waume zao wawatazame tena. Yeye alitaka kutazamwa na mama yake.

Mama alikuwa amepotewa na kumbukumbu. Miaka ya karibuni ilikuwa imefutika yote, ikabaki ile ya zamani, na humo binti yake alikuwa bado msichana wa miaka kumi na tisa. Kila alipoingia chumbani, mama alimkaribisha vizuri tu. "Karibu, dada. Mwanangu ametoka, ila hatakawia." Ukarimu ule ulimchoma, maana mgeni ndiye anayekaribishwa.

Basi akapiga moyo konde. Kama mama anamsubiri msichana, ataletewa msichana. Akaongeza ute wa alovera, akaongeza mafuta ya mbegu za mlonge, akajipaka kama anayepaka ukuta chokaa. Makunyanzi ya pembeni mwa macho yalilainika kidogo, lakini hayakuhama. Majani yana uwezo wake, ila miaka thelathini ni mingi mno. Na aliyeandika "Rudisha Ujana" kwenye vichupa alikuwa nani kama si yeye mwenyewe?

Siku moja kazi ilimzidi. Alikata majani ya alovera, na badala ya kuyasimamisha ndooni mpaka yatoke yale maji ya njano, machungu, yanayowasha ngozi, akaanza kuyamenya papo hapo kando ya kitanda cha mama, asimwache peke yake. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"We Haraka!"

Kisu kikamponyoka. Jina hilo alibandikwa na mama utotoni, kwa sababu hakuwa na subira ya kungoja majani yatoke maji, na hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo.

"Nikwambie mara ngapi? Yasimamishe kwanza! Unataka kuwababua watu nyuso?" Mama alikuwa amemnyooshea kidole. Usoni hakumtazama hata kidogo, alitazama mikono. "Mwanangu, utajifunza lini wewe?"

"Nisamehe, mama." Machozi yalimtoka, yakateremka na krimu yote. Alifurahi mno.

"Haya, kanawe."

Akaenda mbio kunawa. Aliporudi na mikono safi, mama alimtazama usoni, akatabasamu.

"Karibu, dada. Mwanangu ametoka."

Kesho yake hakujipaka chochote. Nafasi ya kuyasimamisha majani alikuwa nayo, na ndoo ilikuwa pale pale mlangoni. Akakata majani matatu ya kutupwa tu, akayapeleka kando ya kitanda yakiwa yanachuruzika, akashika kisu, akangoja kugombezwa.