Kipande cha Bonaventura

Usimwambie mtu apoe kabla hujajua amemwagiwa nini. Hilaria aliambiwa apoe na kila jirani pale Hale, na wengi wa waliomwambia ndio walioshika ndoo.

Binti yake wa pekee, Efrazia, alizaliwa Hale, akasoma Hale, akajifunzia mpira kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya nyumba za watu wa umeme. Alipofika miaka kumi na minane, Mwalimu Sufiani alimchukua kwenye timu yake ya wasichana kule Handeni. Msichana akafunga magoli huko mpaka jina lake likasikika Dar es Salaam, na siku moja barua ikaja. Anaitwa timu ya taifa, kuna safari ya nje, aje na pasipoti.

Pasipoti ndiyo iliyowapeleka mkoani, mama na mwana. Afisa aliyewapokea alikuwa kijana wa adabu. Akaamkia shikamoo mama, akakisoma cheti cha kuzaliwa cha Efrazia. Kwenye jina la baba palikuwa na kistari tu, maana Denis alikwenda zake kabla mtoto hajatoka arobaini. Basi akageukia upande wa mama.

"Wazazi wako ni watu wa wapi, mama?"

Hapo Hilaria akafanya kosa ambalo angelifanya mtoto wa mkata mkonge peke yake. Alifungua mkoba akatoa kipande cha marehemu baba yake, Bonaventura. Kipande ni kadi ya kazi ya zamani, ile ambayo mnyapara aliitia alama kila siku mtu alipomaliza kukata mkonge aliopimiwa. Vilifuata vingine vingi, miaka thelathini na miwili ya vipande, lakini hiki cha kwanza ndicho kilichotunzwa sandukuni ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya ubatizo. Watoto walikuzwa wakiambiwa kwamba hiyo ndiyo heshima ya nyumba. Hilaria alikiweka mezani kama mtu anayeweka hati ya shamba.

"Tazama mwaka, mwanangu," alisema. "Hamsini na sita. Bendera ya uhuru haijapandishwa, baba yangu tayari yuko hapa anafanya kazi."

Afisa akatazama mwaka. Kisha akakigeuza, akasoma mstari wa nyuma ambao nyumbani hakuna aliyewahi kuutilia maanani. Alikozaliwa: Urundi.

"Asante, mama. Hiki kinatusaidia."

Kiliwasaidia wao. Afisa alimpigia simu Jabiri, mwenyekiti wa kitongoji, akaweka spika, akauliza kama anawafahamu. Jabiri alicheka. "Hao ni watu wa kambi ya mkonge. Sisi hapa tunawaita Warundi." Na jambo likaishia hapo. Pasipoti haikutoka, ndege ikaruka, nafasi ya Efrazia akapewa mwingine.

Wiki ileile redio ilikuwa inamsifu kijana mmoja aliyezaliwa Ulaya, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, kuwa atavaa jezi ya wanaume kwa sababu babu yake alitoka huku. Hilaria alisikiliza akiwa sokoni Manundu, amekaa nyuma ya fungu lake la machungwa. Babu mmoja anatosha kumwingiza huyu, babu mmoja anatosha kumtoa yule. Aliizima redio ya jirani bila kuomba ruhusa.

Jioni hiyo alimfuata Jabiri barazani kwake.

"Mama Efrazia, ule ni utani tu," Jabiri alijitetea. "Tumewaita hivyo toka enzi za baba zetu, na nyie mnacheka."

"Tulicheka kwa kuwa tulidhani ni utani."

"Sasa mimi ningejuaje kwamba afisa anaandika?"

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, si ndivyo mnavyosema? Baba yangu mlimshikisha kisu cha mkonge siku ya kwanza, Mwenyekiti. Hakukitua mpaka mgongo ulipokataa. Kaburi lake liko hapo juu, na wewe ulibeba jeneza."

Jabiri akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Hilaria zaidi, kwa sababu mtu mbaya angalau unamtukana ukalala.

Mwaka ukapita. Ndipo ikaja simu kutoka Bujumbura, ya mama mmoja aitwaye Fausta, wa timu ya taifa ya wanawake ya huko. Alikuwa amemwona Efrazia kwenye mashindano na habari zake anazo. Alitaka karatasi moja tu, inayoonyesha babu alizaliwa kwao.

Hilaria akakataa. Siku tatu sanduku lilifungwa na ufunguo ulikaa kiunoni mwake.

"Nikikitoa," alimwambia binti yake, "yule afisa atakuwa amesema kweli. Tutakuwa tumekubali wenyewe kwamba hapa tulipita tu."

"Ameshasema, mama. Haongojei tukubali."

"Kwa hiyo umwachie?"

"Mimi nina miguu, na miguu haidumu. Wewe una hasira, na hasira utakuwa nayo hata nikifika miaka arobaini." Efrazia alinyoosha mkono. "Nipe kipande cha babu."

Hilaria akakitoa, akampa kwa mkono wa kushoto, kama anayemtupia mbwa. Kisha akaona haya. Mtoto hakumkosea. Akakichukua tena, akakifuta kwa khanga, akampa kwa mikono miwili.

Siku timu ya Burundi, Efrazia akiwamo, ilipokutana na ya Tanzania Dar es Salaam, kibanda umiza cha Hale, cha kuonyeshea mpira, kilijaa pomoni. Jabiri alikuwa ameweka benchi la mbele kwa ajili ya Hilaria, na kila aliyeingia aliambiwa kwamba yeye Mwenyekiti ndiye aliyemlea yule msichana. "Mtoto wetu yuko kwenye TV leo," alisema, mara ya tano au ya sita.

Wimbo wa wageni ulipigwa kwanza. Kamera ikapita nyuso za wachezaji mpaka ikamfikia Efrazia, mkono kifuani, akiimba kila neno. Alikuwa amejifunza kwenye simu. Mama yake hakuelewa hata neno moja, na hilo likamchoma kuliko alivyotarajia.

Kisha ukapigwa wimbo ambao Efrazia aliuimba kila asubuhi mstarini tangu darasa la kwanza.

"Tusimame wote," Jabiri akaagiza, na kibanda kizima kikasimama. Kamera ikarudi upande wa wageni kwa muda mfupi. Efrazia alitazama mbele, midomo imefungwa, meno yameumana, kama babu yake alivyokuwa akitazama shamba.

Hilaria, ambaye maisha yake yote wimbo huo haukuwahi kumkuta ameketi, alibaki kwenye benchi.

Jabiri aliinama. "Mama Efrazia, simama basi. Ni wimbo wetu."

"Mgeni hupewa kiti, Mwenyekiti," alisema Hilaria, wala hakunong'ona. "Nimekaa."

Akapakata mkoba wake mtupu mpaka wimbo ulipokwisha.