Mwaka Walipomwandika Wichit

Wichit, mume wa jirani yangu Ladda, alivuka mpaka kwenda Malaysia kufanya kazi ya ujenzi. Alipiga simu kwa miezi mitatu, kisha kimya. Miaka sita ikapita. Ladda alibaki na mama mkwe wake, Bi Prayong, wakigema utomvu wa miti ya mpira hapa kwetu Nakhon Si Thammarat.

Sikukuu ya mwezi wa kumi ilipokaribia, siku ambazo wafu wetu hufunguliwa waje kula kwa watoto wao, nilikwenda kuwasaidia kukaanga vitumbua vya nyuzi, ambavyo kwetu huhesabiwa kuwa nguo za marehemu. Ladda alikuwa akizungusha kifuu chenye matundu juu ya kikaango, uji wa mchele ukichuruzika.

"Hiyo nguo au wavu wa samaki?" Bi Prayong alimtania. "Baba mkwe wako atatembea uchi."

"Alikuwa mwembamba, mama. Itamsitiri."

Tukacheka. Kisha yule mama akafuta mikono, akasema polepole, "Mwaka huu, ukiandika majina, mwandike na Wichit."

Yeye hakujua kuandika. Kila mwaka Ladda ndiye aliyeandika majina ya wafu wao kwenye karatasi ya kuchomwa hekaluni.

"Mume wangu hajafa."

"Sijasema amekufa. Mimi sijui, na wewe hujui. Kama yu hai, chakula hiki hakitamdhuru. Lakini kama amekufa, basi mwanangu ana njaa mwaka wa sita huu. Anakuja, anasikia wenzake wanaitwa, yeye haitwi na mtu."

Ladda akaweka kifuu chini, akatoka. Kilichokuwa kikaangoni kikaungua.

Siku ya kwenda hekaluni Ladda ndiye aliyebeba sinia la vyakula. Tulipoketi ukumbini akaiweka karatasi gotini, akaandika baba mkwe, akaandika babu na bibi. Kalamu ikasimama. Bi Prayong alitazama pembeni. Mwishowe Ladda akaandika tena.

"Nimemwandika."

"Jina lake lote?"

"Lote, mama."

Watawa walipomaliza kusoma, karatasi zikatiwa moto bakulini. Ladda akanyoosha mkono kama anayetaka kuichomoa ya kwake. Hakuna aliyemzuia. Akaurudisha mwenyewe, akaukalia.

Nje, watu walikuwa wakigombania kwa vicheko vyakula vilivyokwisha kutolewa kwa wafu, maana vina baraka. Bi Prayong alipata kipande, akala chote. Ladda alikataa.

Asubuhi yake nilimkuta shambani amekaa chini ya mti, kisu cha kugemea mapajani, akilia kwa sauti. Kwa miaka sita sikuwahi kumwona akilia. Nilikaa naye mpaka akanyamaza, tukagema pamoja miti iliyosalia. Jua lilikuwa limeshapanda, na utomvu ulitoka kidogo sana.

Wichit hajarudi hadi leo. Kila mwaka Ladda humwandika.