Kamba ya Mkononi

Kuna kitu umekibeba mwilini, hukioni wala hakikulemei. Kikitoka kinasema "tiki" na kuua bila damu. Ni nini? Wilhelmina, fundi kompyuta wa Mkolani, alilijua jibu, na bado kilimponza.

Alikuwa amevaa kamba yake mkononi, ile yenye waya unaoteremsha umeme wa mwilini hadi ardhini, na mbele yake kompyuta ya wifi yake Kija iko wazi, aiongezee memori. Queen, msusi wa chumba cha pili, akachungulia.

"We! Baba mkwe wako huyo anakuja, na wewe umefungwa kama ndama!"

Wilhelmina akaona haya. Tena kamba yenyewe fupi, haimfikishi chini. Akaivua, akapiga magoti kwenye zulia la nailoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeifuata mashine. Kija anarudi chuoni kesho."

Mzee Luhaga ndiye aliyeileta asubuhi kutoka Sengerema, kaiviringisha kwenye blanketi. Wilhelmina akainuka, kamba akaiacha, maana mzee alikuwa anamtazama. Kugusa tu bodi ya ndani ya kompyuta: tiki! Akaiwasha. Kioo cheusi. Akarudia. Kimya.

"Vipi?"

"Labda ni lile blanketi, baba." Ulimi ulimtangulia. "Manyoya yale yanazalisha umeme."

Mzee hakubisha. Akalichukua blanketi pale kwenye benchi, akalikunja, akalikunja tena, likawa dogo kama la mtoto.

"Nilitaka isipate vumbi," akasema taratibu. "Sasa nitamwambiaje Kija?"

Wilhelmina akatamani ardhi ipasuke. Mzee mzima kuinamishwa kichwa kwa uongo wa mkwewe!

"Si blanketi, baba. Asubuhi ilikuwa inawaka. Nilivua kamba nisionekane nimefungwa. Nimeiua mimi."

Queen akarudi chumbani kwake.

"Kumbe ni kwa ajili ya kunisalimia?"

"Ni haya zangu tu, baba." Akashusha kompyuta yake mwenyewe kutoka rafuni. "Kija aende na hii. Nitamhamishia kazi zake zote."

Mzee akaitazama kamba. "Haya, vaa kamba yako."

Akatoka nje. Mara hodi mlangoni: ni yeye tena, anaingia upya. Alipoona magoti ya mkwewe yanaanza kukunjika, akainua mkono.

"Hapo hapo ulipo."

"Shikamoo, baba," akasema Wilhelmina, amesimama, amefungwa, uso unamwaka. Blanketi bado lilikuwa kwapani mwa mzee.