Dakika Nane za Bi Chausiku

Mafundi wote wanakula cha juu. Hilo nililijua kabla sijajua kompyuta ni kitu gani, na ndilo lililoniponza. Fundi ukiongozana naye dukani, muuzaji anamkonyeza, bei inapanda, na tofauti wanagawana ukishageuza mgongo. Kwa hiyo fundi wetu Ansbert aliponiandikia orodha ya vifaa vya kompyuta, nilimshukuru, nikaikunja, nikaenda Buguruni peke yangu.

Mie na mdogo wangu Najma tulikuwa na kibanda cha kukodisha kanda za video Vingunguti. Mwaka huo wa tisini na nane biashara ilishalegea, maana televisheni zilishaingia majumbani na watoto wa mtaani walikuwa wanalilia gemu. Tukapanga tuunde kompyuta moja, ya bei tunayoiweza. Mchana watoto wacheze gemu, na siku za harusi tuwe tunakata na kuunga kanda za watu. Ndivyo tulivyowaeleza majirani. Ukweli ni kwamba kompyuta ile tuliitaka kwa ajili ya mama.

Mama yetu, Bi Chausiku, alifariki mwezi wa tatu. Picha yake ya kutembea na kuongea ilikuwa moja tu duniani, kwenye kanda ya harusi ya Najma, na mvua za El Nino ziliingia kabatini zikaiotesha ukungu. Ansbert, kijana wa Bukoba aliyekuwa akitengeneza kompyuta za ofisi za mjini, aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Itapita kwenye deki mara moja tu, dada Mwanaasha. Ya pili itakatika. Na ikishaanza msiisimamishe, italiwa."

Kwa hiyo ilibidi kompyuta iinase picha wakati kanda inapita. Ikishanasa, tungeweza kurudia hata mara mia na kusafisha sauti. Sauti ndiyo Najma aliyoitaka. Siku ya harusi, kabla hajatolewa, mama alimshika kichwa akampa nasaha. Akamwambia, "Mumeo akikushinda..." na hapohapo wanawake wakapiga vigelegele, neno likamezwa. Miaka sita Najma ameolewa Tandale, na mume alishamshinda zamani. Mara mbili amekuja kwangu na jicho limevimba, mara mbili amerudi. Alitaka kusikia mama alimalizia vipi. Avumilie, au aondoke? Angefanya atakavyosema mama, hivyo ndivyo alivyoniapia.

Buguruni nilimkuta Mzee Mwishehe, anayeuza vifaa vya kompyuta vya mtumba. Nikamwamkia shikamoo, tukaanza kuvutana. Kasha, ubao, memori, diski kubwa ya kuchukua picha za saa nzima. Vyote nilivibana bei mpaka mzee akavua miwani. Ikabaki kadi. Ansbert alikuwa ameandika "kepcha kadi". Sikujua kepcha ni mdudu gani, na sikuwa tayari kumuuliza mwanamume maana ya neno mbele ya wateja, mie niliyekodisha video miaka saba.

"Nipe na kadi ya video," nikasema.

"Ya kufanyia nini, mwanangu?"

"Ya video, mzee. Na gemu ziende."

"Chukua hii. Gemu zitapaa."

Nikarudi nyumbani nikijisifu. Ansbert akaigeuza ile kadi huku na huku, halafu akaiweka mezani polepole.

"Dada, hii inatoa picha kupeleka kwenye skrini. Kepcha ndiyo inayopokea picha kutoka kwenye deki, na hii haina pa kuichomeka deki."

"Mie nimeomba kadi ya video."

"Ndiyo. Na wamekupa kadi ya video."

Tulirudi Buguruni pamoja. Mzee Mwishehe alikataa kurudisha pesa, akakubali kubadilisha. Lakini kepcha kadi ilikuwa ghali kuliko ile ya gemu, na mie mfuko ulishakauka. Lazima kitu kingine kirudi dukani. Memori? Ansbert akasema bila memori ya kutosha picha itarukaruka. Ikabaki diski. Tukarudisha ile kubwa, tukapewa ndogo iliyochakaa. Mzee akamwambia Ansbert waziwazi, mbele yangu, kwamba cha juu chake kipo. Ansbert akajibu, "Mpunguzie dada." Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii diski itachukua dakika ngapi?" nikamuuliza njiani.

"Nane."

Nilimwambia Najma hivyohivyo, bila kupamba. Akacheza na ncha ya khanga yake.

"Zinatosha," akasema. "Nasaha hazikufika dakika tano. Usinase kitu kingine, dada. Mapishi, ngoma, yote yapite. Hayo tu."

Nikamwahidi.

Jumapili mchana tulifunga mlango wa kibanda, tukaomba umeme usikatike. Ansbert alikaa kwenye kompyuta, Najma kwenye mkeka mbele ya televisheni, mie katikati. Kanda ikaingia kwenye deki, ikakwaruza, picha ikaja na michirizi. Wageni, maturubai, shangazi zetu waliokwishakufa. Kila deki ilipokoroma, Najma alishika magoti yake.

Halafu yakaja masufuria ya uani, na mie nimeinama kwenye moshi, mwembamba, talaka yangu haijatimiza hata mwezi. Siku ile sikutaka kuonekana na wageni. Mama akaingia kwenye picha.

"Mwana," akasema. "Hujala tangu asubuhi. Kaa chini."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Mama akachota pilau kwa mkono, akalifinyanga tonge, akanilisha mdomoni kama mtoto, hajui kama anapigwa picha.

"Anza," nikamwambia Ansbert.

Akanitazama.

"Anza."

Akabonyeza. Mama alinilisha tonge la pili, akanifuta masizi shavuni, akakaa karibu yangu kwenye kinu kilicholazwa, akaniambia maneno ambayo nilikuwa nimekaa miaka sita bila kuyakumbuka.

"Dada," Najma akasema. "Simamisha kunasa. Yangu yanakuja."

"Dada Mwanaasha, nisimamishe?" Ansbert akauliza. "Zimebaki nne."

Mama alikuwa ananisuka nywele zilizofumuka, na kila nikitaka kusema basi, mkono wake ulikuwa bado kichwani kwangu.

"Dada, uliniahidi."

Zikabaki mbili. Ikabaki moja. Kompyuta ikalia kidogo, ikaandika kwamba imejaa.

Kwenye televisheni wanawake walikuwa wanamtoa bibi harusi. Najma alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Mama akamshika kichwa. Michirizi ikapanda na kushuka. "Mumeo akikushinda..." Vigelegele, mkwaruzo, na midomo ya mama ikiendelea kutikisika. Kisha picha ikasinyaa, deki ikaanza kutafuna, na Ansbert alipoitoa kanda ilikuwa imekatika vipande viwili.

Najma hakunigeukia mara moja.

"Amesema nini?" akauliza. "Wewe ulikuwa nyuma, pengine umesikia. Amesema nini pale?"

Hayo yote nilikuwa nimeyaona kwa pembe ya jicho tu. Wakati mama anamwambia neno lile, mie macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta, nahakikisha dakika zangu nane hazijafutika. Aibu niliyoisikia sijapata kuisikia tena.

"Amesema urudi nyumbani," nikamjibu. "Mumeo akikushinda, rudi nyumbani."

Najma akageuka, akaniangalia muda mrefu. Ananijua tangu azaliwe, na nadhani alijua. Ansbert alikuwa anazungusha nyaya, hakuinua kichwa.

Sijui mama alisema nini. Huenda alimwambia avumilie, wanawake wa rika lake wengi walisema hivyo. Neno lake nililipoteza mie, nikaweka la kwangu mahali pake, na siku ya kiama nitaulizwa.

Jioni ile Najma hakwenda Tandale. Alinyanyua mkeka, akautandika chumbani kwangu.