Waliokuja Kumpokea Leokadia

Leokadia alijigamba kwamba baridi anaijua. Mtu wa Njombe bwana, aliyelelewa kwenye ukungu! Kasmir, mfanyabiashara mwenzake, alipomsihi anunue koti la maana kabla ya kupanda treni, alicheka tu, akachomoa jaketi moja katika marobota yake ya nguo ya soko la Guangyuan Xilu, huko Guangzhou walikofanyia biashara. Lilikuwa jaketi zuri, la kwendea kanisani.

Alikuwa akimfuata mdogo wake Geofrey, aliyekuwa akisoma katika mji wa kaskazini kabisa mwa China. Kijana huyo kifua kilimbana, alikohoa damu, na daktari alikwisha kuonya kwamba baridi ile itammaliza. Leokadia ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Akaapa kumleta Guangzhou kwenye joto, masomo yatasubiri.

Alimpigia simu bwenini. "Nafika Jumamosi mchana kwa basi. Usije kunipokea, unasikia? Kaa ndani."

"Sawa, dada."

Kwetu maneno hayo kila mgeni huyasema, na hakuna mwenyeji anayeyatii. Leokadia aliyasema kwa dhati, ila sauti ilikuwa ile ile ya wageni wote.

Treni ilimtoa penye migomba, ikamtua kwenye nchi nyeupe isiyo na jani. Kutoka stesheni ya mwisho akapanda basi. Asubuhi ya Jumamosi upepo ulipeperusha theluji mpaka barabara ikapotea, basi likateleza na kutumbukia mtaroni. Injini ikazima. Leokadia alimuuliza dereva kama kuna gari jingine.

"Meiyou!" Hakuna. Neno lile lile alilolichoka sokoni akiomba kupunguziwa bei.

Walishuka kusukuma. Vidole vyake vikafa ganzi, miguu ikawa si yake, akakaa chini kwenye theluji akitaka kusinzia. Bibi mmoja Mchina alimkokota ndani, akamshindilia magazeti ndani ya jaketi huku akimgombeza kwa lugha yao. Njombe ilimtoka kichwani kabisa. "Mungu wangu," alilia, "nikifa mimi, Geofrey atabaki na nani?"

Jioni trekta likaja kulivuta basi. Walipofika kituoni, chumba cha abiria kilikuwa kimefungwa, na nje alisimama mtu mmoja tu, nyusi zimeganda nyeupe.

"Karibu, dada. Pole na safari." Geofrey alinyoosha mkono kupokea begi, lakini vidole vilikataa kukunjika.

"Si nilikukataza? Umesimama hapa tangu mchana?"

"Sasa dada, ungeshuka usikute hata sura moja unayoijua?"

Leokadia alimkumbatia, akamsugua mgongo, akamvalisha jaketi lake juu ya koti, akamkimbiza hospitali. Madaktari walijitahidi. Jumatano Geofrey alikata roho, mkono wake ukiwa umeshikwa na dada yake, na vidole vilikuwa vimeshapata joto.

Leokadia alirudi Guangzhou kutafuta vibali vya kuusafirisha mwili nyumbani. Alipotoka stesheni, mvua ilikuwa ikinyunya. Kasmir, Dainess wa duka la jirani na wafanyabiashara wenzao wote wa mtaa wa Sanyuanli walikuwa wamesimama nje wakimngojea, wamelowa.

"Pole sana, dada yetu," Kasmir alisema, akinyoosha mkono kupokea begi.

Leokadia akaling'ang'ania kifuani.

"Nani kawaambia mje?" alipiga kelele, sauti ikikatika. "Nani kawatuma kunipokea? Rudini ndani! Nawaomba, rudini ndani, mtaugua!"

Hakuna aliyeondoka.