Kibuyu cha Uji

Mkono wa kushoto wa Lenah ulikuwa umepinda kwenye kiwiko. Haukunyooka wala kukunjika sawasawa, kwa hiyo alibana kibuyu kwa mapaja na kumimina uji kwa mkono wa kulia. Ulikuwa uji wa wimbi, mwepesi, usio na kimea. Aliuchuja mara mbili kwa kipande cha shuka ili usizibe mrija. Chumba chao cha Matisi, mjini Kitale, kilikuwa kidogo hivi kwamba Wekoye, akivaa suruali, ilibidi apande kitandani ampishe mkewe.

"Ukikaa nao utavuta hii," Lenah akasema. "Mdomo yako itakuwa kwa mrija kama wao. Nani atakuuliza?"

"Na wakiuliza?"

"Sema ni tumbo. Baba Peris, mtu hafukuzwi kwa shamba ya baba yake juu ya tumbo."

Mkono ule aliuvunja Wekoye mwenyewe, mwaka wa themanini na sita, kwa mchi wa kutwangia. Kulipokucha, pombe ilipomtoka kichwani, aliuliza ni mnyama gani aliyemfanyia mke wake vile. Lenah akamwambia. Tangu siku hiyo hakuonja tena, mwaka mmoja na miezi minane sasa. Si kwamba kiu ilikwisha. Anayesema kiu ya pombe hukwisha ni mwongo, tena mwongo mkubwa. Pale ghala la mahindi alikobeba magunia, wenzake walimwita Pasta na kumtilia chang'aa kwenye chai, mpaka akajifunza kunusa kila kikombe kabla hajakitia mdomoni.

Sasa baba yake alikuwa amekufa, matanga yamekwisha, na kaka yake Mukhisa alikuwa ameita ukoo Bumula kugawa shamba. Wekoye aliahidiwa kipande cha chini, kando ya mto, penye udongo mweusi. Lenah alishachagua hata pa kujenga jikoni. Lakini kwao shamba haligawanywi kwa karatasi kwanza, hugawanywa kwa chungu. Wazee hutamka mipaka, chungu cha busaa, pombe ya nafaka inywewayo moto, huwekwa katikati, na kila mwenye haki hutumbukiza mrija wake. Aliyevuta amekubali. Asiyevuta hana neno pale, hata kama kitovu chake kimezikwa kwenye shamba lenyewe.

Walifika saa nane mchana. Mtoto wao Peris walikuwa wamemwacha kwa jirani huko Matisi. Lenah akaenda jikoni kwa wanawake. Wanaume kumi walikuwa wameketi uani kuzunguka chungu, kwenye kivuli cha nyumba ya Mukhisa. Kiti cha pekee chenye mgongo alikalia naibu wa chifu, Festus, rungu lake magotini. Wiki iliyopita huyu huyu Festus alipasua vyungu vya wajane watatu sokoni, akisema serikali imekataza pombe ya kienyeji. Leo mrija wake ndio ulikuwa mrefu kuliko yote.

Mzee Masika, mkubwa wa ukoo, alisimama akatamka. "Ya juu mpaka barabara, ni ya Mukhisa. Ya chini mpaka kwa mto, ni ya Wekoye. Sasa kunyweni."

Mke wa Mukhisa akaongeza maji ya moto chunguni, mvuke ukapanda. Harufu ilimfikia Wekoye, na mate yakamjaa mdomoni bila kuulizwa. Akainama haraka, akavuta kibuyu kutoka chini ya kigoda chake, akatumbukiza mrija aliourithi kwa baba yake, akaanza kuvuta.

Vinywa vikaachia mirija, kimoja baada ya kingine.

"Hiyo ni nini?" Mukhisa akauliza.

"Ni uji tu. Niko na shida ya tumbo."

"Umetoa Kitale?"

"Mama Peris alipika."

Hapo ndipo Wekoye alipoona walichokosea. Wiki nzima yeye na mkewe waliwaza pombe tu, hawakuwaza chungu. Mtu anayebeba kinywaji chake mpaka mji wa ndugu yake anasema jambo moja, wala halihitaji kutamkwa: kwamba cha ndugu yake kina sumu. Na baba yao alikufa akijishika tumbo, siku tatu akilia, katika mji huu huu. Jamani, walikuwa wamekaa mjini mpaka wakasahau jambo ambalo hata mtoto wa Bumula analijua.

"Baba alikufa na tumbo," Mukhisa akasema polepole. "Na wewe unakuja na chakula yako, unaniambia tumbo."

"Sijasema hivyo, ndugu yangu."

"Si umesema mbele ya wazee, bana. Umesema ni mimi niliua mzee."

"Wazee, nisikieni. Mimi niliacha pombe. Ni hiyo tu. Nikionja, naumiza mtu. Angalieni mkono ya mke wangu."

Mtu mmoja akacheka, na wengine wakamfuata.

"Ati ameacha," Festus akasema. "Nani alikuambia hii ni pombe? Hii ni chakula ya baba yako. Mwacha mila ni mtumwa."

Wekoye angenyamaza. Lakini alikuwa na hofu, na hofu ikamtoa maneno. "Mkubwa, si wewe ulivunjia akina mama vyungu huko soko? Ulisema serikali imekataza."

Festus aliinuka bila haraka. Rungu lilimpata Wekoye begani, mfupa ukalia, akaanguka kando ya kibuyu.

"Huko nilikuwa kazini," Festus akasema. Akatoa daftari mfukoni. "Umemwita ndugu yako mchawi mbele ya serikali. Faini ni hiyo ya mto. Itakuwa ya Mukhisa. Sasa kunywa ukubali, tumalize."

"Sikubali."

Mukhisa alikipiga kibuyu teke. Kikapasuka, uji ukatambaa kwenye vumbi, kuku wakaja. Kisha akanyanyua kigoda na kumpiga nacho Wekoye mdomoni. Meno mawili yakaingia ndani. Watu watatu wakamlalia, mmoja kila mkono na mmoja miguuni, na Festus akaweka gambuti lake kwenye koo.

Lenah alitoka jikoni mbio. Wanawake wakamdaka mlangoni.

"Wachana nao," mke wa Mukhisa akasema. "Hiyo ni maneno ya wanaume."

"Msimpe!" Lenah akalia. "Mpigeni tu. Mpigeni, lakini msimpe!"

Nani wa kumsikia? Mukhisa alichota busaa kwa kopo. Festus akambana Wekoye pua. Wekoye alifunga mdomo mpaka macho yakamtoka, na Mukhisa akamwagia pombe ya moto midomoni na shingoni, ngozi ikababuka. Kifua kikakataa kungoja tena. Alipofungua mdomo avute pumzi, kopo lilimiminwa lote. Akakohoa damu na pombe. Kopo la pili likafuata, na la tatu.

"Basi," Festus akasema. "Amekubali."

"Bado." Mzee Masika alikuwa hajainuka pale alipoketi. "Ya kopo si kukubali. Ni mrija. Ni lazima avute yeye mwenyewe."

Wakamburuta mpaka chunguni. Wakamkalisha kwenye kigoda kile kile alichopigwa nacho, wakapangusa vumbi kwenye mrija wa baba yake, wakautia kati ya midomo iliyopasuka. Mukhisa alikuwa ameshamshika nywele ili amlazimishe.

"Mwache," Mzee Masika akasema.

Mukhisa akaachia.

Wekoye alivuta. Alivuta mara moja, akasita, akavuta tena. Hakuna aliyekuwa amemshika. Aliona aibu, aibu ya kutaka kuingia ardhini, na koo lake likaendelea kumeza.

Festus akachukua kidole gumba cha Wekoye. Kilikuwa na damu, kwa hiyo alikifuta kwanza kwenye shati la Wekoye mwenyewe, maana karatasi ya serikali haitaki uchafu. Kisha akakichovya kwenye wino na kukikandamiza daftarini.

"Sasa umekuwa ndugu yangu," Mukhisa akasema, akampigapiga lile bega lililovunjika. Wekoye hakushtuka.

Chungu kiliongezwa maji ya moto mara mbili. Wanawake wakamwachia Lenah. Hakumwendea mumewe, alisimama pale mlangoni akiutazama mgongo wake ukiinama kwenye mrija, kila mara chini zaidi. Jua lilipofika juu ya mgomba wa mwisho, alisikia sauti ya mumewe.

"Wewe mwanamke."

Mwaka mmoja na miezi minane alikuwa Mama Peris.

Lenah akageuka, akaingia jikoni. Alichukua panga nyuma ya mlango, akachukua kisu cha mboga na shoka la kuni, akavikumbatia kwa mkono wake mzima.

"Unapeleka wapi vitu yangu?" mke wa Mukhisa akauliza.

Ulibaki mchi. Aliujaribu kwa mkono uliopinda, ukamponyoka. Akauegemeza ukutani, akatoka kwa mlango wa nyuma na kukimbia mpaka kwenye mabua ya mahindi, huko chini karibu na mto, akavifukia vile vya kukata.

Aliporudi kuuchukua mchi, ukutani hapakuwa na kitu, na kule uani kigoda cha Wekoye kilikuwa kitupu.